Kila Bomba Likipanda, Jembe Linafuata

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na fundi bomba huyu tayari amekasirika.

Amepiga magoti kando ya barabara ya vumbi, sikio ameligandisha kwenye bomba la chuma. Nyuma yake kuna foleni ya ndoo, na nyuma ya ndoo wamesimama wenyewe, wamenyamaza ili asikie vizuri. Anagonga bomba kwa spana, anasikiliza. Anagonga tena.

"Upepo," anasema, akijifuta magoti. "Humu ndani kuna upepo mtupu."

Ukimya unakwisha hapo hapo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anamjia juu. "Koki, juzi ulisema leo ni zamu yetu! Au maji yetu umempelekea mkeo?"

"Mke wangu naye yuko kwenye foleni, dada yangu. Yule pale, mwenye ndoo ya njano. Muulize kama jana kuna mtu ameoga nyumbani kwetu."

Mwanamke wa ndoo ya njano hageuki. "Mimi huyo mwanamume simjui," anasema, na foleni nzima inavunjika mbavu kwa kicheko.

Wamemwita Koki kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto wa bonde hili hawajui kama ana jina jingine. Ndiye anayefungua na kufunga maji ya mitaa yote iliyo chini ya mlima. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na kazi hii aliirithi kwa baba yake pamoja na spana. Posho anayopewa na kamati ya maji haimnunulii hata viatu vya mvua, na miezi mingine haiji kabisa. Anaishi kwa kuziba mabomba ya watu majumbani na kwa vitunguu vya mkewe.

Lakini si posho inayomkasirisha. Kinachomkasirisha kiko juu mlimani, na leo ameamua kukionyesha gazetini.

"Vaa viatu vyenye meno," anamshauri mwandishi. "Tunapanda mpaka mwisho."

Kutoka barabarani mlima unaonekana wote. Watu wa rika lake wanasema zamani hukuweza kuuona kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu ya ukungu. Siku hizi unauona tangu kunapokucha. Umekaa wazi, ubavu wake mwekundu kwa udongo uliochimbwa, na msitu uliokuwa ukiufunika mpaka magotini umebaki kichwani tu, kama kofia ya mtoto iliyovaliwa na mtu mzima.

Bonde nalo lina kilio chake. Mvua ikinyesha, maji yote yanashuka kwa mara moja na tope lake, yanaingia vyumbani, yanabeba kuku na masufuria. Msimu uliopita yaliangusha ukuta wa darasa, na ni bahati tu kwamba ilikuwa Jumapili. Mvua ikikata, hazipiti wiki mbili watu wanarudi kwenye foleni ya ndoo. Mahali palipokuwa na kinamasi, ambapo Koki alikuwa akivua kambare kwa kikapu alipokuwa mdogo, leo vijana wanachezea mpira.

Kituo cha kwanza hakiko mbali. Kiko nyuma ya gereji ya pikipiki, na ukipita haraka huwezi kujua ni kitu gani. Ni sanduku la zege, refu kama kitanda, ambalo mafundi wa gereji wamelifanya benchi. Ndani yake kuna chupa za plastiki, mpira wa gurudumu uliochanika na kiatu cha mguu mmoja.

"Hili ndilo banio la kwanza," anasema Koki. Banio, anaeleza, hujengwa ndani ya kijito. Maji yanaingia, yanachujwa kwa wavu, kisha yanashika bomba kwenda kwa watu. Mlima huu una mabanio manne. Linalofanya kazi ni moja.

"Hili alilijenga baba yangu, mimi nikimbebea kokoto. Palikuwa na mikuyu hapa. Mkuyu mmoja, watu wanne mkishikana mikono hamuumalizi. Mbega walikuwa wakishuka kunywa maji pale pale ulipokaa wewe."

Kijana aliyekaa pale pale anainua kichwa kutoka kwenye mnyororo anaousafisha. "Mzee wangu, mbega hapa? Labda walileta pikipiki zao."

"Cheka tu. Babu yako aliwaona."

Mikuyu ile, kwa wale wanaopenda kujua mambo yanavyokwenda, ilikatwa kuchomea matofali ya ofisi. Ofisi yenyewe ipo hadi leo, imara kabisa, na ukutani ina bango kubwa linalowahimiza wananchi watunze miti.

Banio hilo la kwanza lilikuja na kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa nzuri. Wazee wa wakati ule walikubaliana kwamba jembe lisivuke banio. Chini ya sanduku mtu alime atakavyo. Juu ya sanduku asilime, asikate, asichome, asijenge hata choo. Kanuni ilipakwa kwenye kibao cha mbao, na aliyeivunja alitozwa mbuzi.

"Na watu waliifuata," anasema Koki. "Hilo ndilo linaloniuma. Mpaka leo wanaifuata."

Kauli hiyo haieleweki pale gerejini. Inahitaji mtu apande.

Njia inapita kati ya mashamba ya mahindi, inakuwa nyembamba, inaanza kukata pumzi. Koki anatembea mbele, spana begani, akizungumza bila kuhema, na kila bomba lililo wazi juu ya udongo analigonga kidogo kama mtu anayepiga hodi. Baada ya saa moja hivi anaingia kwenye shamba la mikaratusi iliyopangwa mistari, na katikati ya mistari hiyo kuna sanduku la pili. Limepasuka. Ndani limejaa majani makavu.

Hili alilijenga mwenyewe. Maji ya banio la kwanza yalikuwa yamepungua, kamati ikakaa, ikaamua kwamba dawa ni kupandisha bomba juu zaidi, kwenye kijito kilichoshiba. Koki alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameoa. Walibeba saruji kichwani. Siku maji yalipofika bondeni walimbeba juu juu, wakamzungusha soko zima.

"Nililala na furaha wiki nzima. Mama watoto akasema, wewe bwana, utafikiri umezaa mapacha."

Palikuwa na mianzi pale, mizito, na chini yake kangaga zilizomfikia mtu kiunoni. Mianzi iliondoka, likaja shamba, shamba likachoka, ukaja mradi. Mradi ulikuja na magari meupe na fulana za bure, ukawaambia wananchi kwamba mlima umekuwa kipara, kwa hiyo utawapandia miti. Ukapanda hii mikaratusi, kwenye mdomo wa chemchemi. Picha zikapigwa, magari yakaondoka.

"Hii miti inakunywa maji kama imelipwa," anasema Koki, akilipiga teke gogo moja. "Mti wenyewe hauna kosa. Mikaratusi ukiipanda kule kwenye jiwe utapata nguzo, utapata kuni. Lakini wewe na akili zako timamu unaichukua unaiweka juu ya chemchemi, halafu unavaa fulana imeandikwa uhifadhi! Si ni dharau hiyo?"

Ni dharau. Na iliyofuata ni kubwa zaidi, kwa sababu watu walijifanyia wenyewe. Chemchemi ilipokauka hakuna aliyeuliza imekauka kwa nini. Kamati ilikaa tena, ikaagiza mabomba mengine, ikamwita Koki. Likajengwa banio la tatu, na miaka kadhaa baadaye la nne. Kila mara makofi yalipigwa. Kila mara alikuja mgeni mwenye mkasi, akakata utepe.

Sanduku la tatu utalisikia kabla hujaliona, kwa sababu limezungukwa na mngurumo wa pampu ndogo ya mafuta. Pampu imetumbukiza mpira wake kwenye kijito, inayavuta maji kwenda kwenye kabichi. Kabichi zimejipanga mpaka ukingoni mwa maji, kijani kibichi, nono, na katikati yake anatembea mwanamume mfupi mwenye mtungi wa dawa mgongoni. Ni kaka wa mke wa Koki.

"Shemeji!" anaita yule wa kabichi. "Umeniletea mgeni, umemletea na chai?"

"Nimemleta akuone unavyotunywesha sumu."

"Basi kabichi mnazokula kwangu kila Jumapili msizile."

Wanacheka wote wawili, lakini kicheko cha Koki kinakufa mapema. Shemeji anautua mtungi, anajipangusa jasho, na bila kuulizwa anaanza kujitetea. Ameshausikia wimbo huu, anasema, na umemchosha.

"Andika hivi. Mimi sijavunja kanuni yoyote. Kanuni inasema jembe lisivuke banio. Banio liko wapi? Kule juu. Mimi niko wapi? Chini yake. Na nani alinileta hapa? Huyu huyu shemeji yangu! Alipolihamisha sanduku lake, wiki haijaisha, mwenyekiti akaja na kamba akatugawia. Nina watoto watano, wanne wako shule. Leo mnakuja na kalamu kuniita mwizi wa maji?"

Koki anatazama chini. Baadaye, wakiwa wameshapanda mbali kidogo, ndipo anaposema, "Hajadanganya hata neno moja."

Jambo lenyewe liko hapo, na ni jepesi mno kiasi cha kumtia mtu hasira. Watu wa mlima huu hawakuwa wavunja sheria. Walikuwa watiifu. Walikatazwa kulima juu ya banio, wakatii. Banio lilipohamia juu, ardhi yote iliyobaki nyuma yake ikawa chini ya banio, kwa hiyo ikawa halali. Wakailima. Chemchemi zikakauka, banio likahamishwa tena, na jembe likalifuata tena, kwa adabu zote, bila kuvuka mstari hata siku moja. Mara tatu msitu umefyekwa kwa kufuata kanuni ya kuulinda.

Aliyemfungua macho Koki ni mhandisi wa maji, binti wa umri wa mwanawe, aliyeletwa mwaka jana kupima njia ya banio la tano. Walipanda pamoja. Kila walipofika kwenye sanduku, binti alimuuliza swali lile lile.

"Akaniuliza, mzee wangu, mashamba haya yalianza lini? Nikamwambia, haya yalianza tulipohamisha banio. Tukafika pale pengine, na haya je? Nikamjibu, na haya tulipohamisha banio. Ya tatu hakuniuliza. Alinitazama tu. Hapo nikayasikia mwenyewe maneno yangu." Anasimama njiani, spana mkononi. "Miaka yote hiyo nikidhani mimi nafuata maji. Kumbe nilikuwa nawafungulia watu mlango. Mimi! Na nikabebwa juu juu!"

Mhandisi mwenyewe, alipotafutwa kwa simu, hakumung'unya maneno. Katika ripoti yake aliandika kwamba banio la tano lisijengwe. "Wakubwa zangu walinijibu kwamba fungu lililopo ni la mabomba," alisema. "Fungu la kuacha mlima upumzike halipo. Ukijenga kitu unaonekana umefanya kazi. Ukikilinda kitu unaulizwa pesa zimekwenda wapi."

Na sasa banio la nne. Kabla ya kulifikia, hewa inabadilika. Inakuwa baridi, ina harufu ya udongo uliolowa. Miti ya kwanza ya msitu imesimama, mizee, magome yamevaa kijani. Hondohondo anapita juu kwa kelele za mbawa zake. Mtu aliyetoka kule chini anaona aibu kidogo, kama aliyeingia nyumba ya watu na viatu vya tope.

Sanduku liko hapo ukingoni, na maji yanayoingia ndani yake yana unene wa kidole gumba. Hayo ndiyo maji ya bonde zima.

Juu ya sanduku msitu unaendelea kidogo. Unaweza kuuvuka kwa miguu kabla chai ya asubuhi haijakutoka tumboni. Baada yake ni jiwe tupu mpaka kileleni.

"Hapa ndipo mlima unapoishia kwa upande wa maji," anasema Koki. "Ukilimaliza hili pori, unakwenda kuchota wapi? Kwenye jiwe? Jiwe hata ulipigie magoti halikupi tone."

Halafu anashika mkono wa mwandishi, anamvutia ndani ya msitu, na kumwonyesha alichopandia. Ni kigingi. Kimepigwa kwenye udongo mweusi, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. Hatua chache mbele kuna kingine, na kingine. Kamba imefungwa kutoka mti hadi mti.

Banio la tano halijajengwa. Mabomba yake bado yamelala kwenye uwanja wa ofisi ya kamati, yana karatasi zake za dukani. Lakini viwanja vya nyuma yake vimeshapimwa. Watu wameshagawana msitu ambao bado umesimama, wakisubiri tu sanduku lipite ili jembe lisivunje kanuni.

"Nimeving'oa mara mbili," anasema Koki. Sauti yake imekuwa ndogo, na ndiyo inayotisha kuliko kelele zake zote za asubuhi. "Vinarudi. Huyu anayevirudisha anajua mimi nimeona, na hajali. Mchana kweupe!"

Anainama, anakishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na baraza, na jiko liko nje chini ya bati. Mchana huo chai inachemka juu ya kuni ambazo si za kawaida. Zote zina urefu mmoja, zimechongwa ncha, na vichwa vyake ni vyekundu.

"Zinawaka vizuri," anasema mkewe, akichochea. "Rangi ndiyo inayosaidia."

Yeye ndiye aliyekuwa na ndoo ya njano. Ni mwanamke mrefu, asiyependa maneno mengi, lakini akiyatoa hayarudi. Shamba lake la vitunguu liko kule juu, jirani na kabichi za kaka yake. Vitunguu hivyo ndivyo vinavyomsomesha binti yao wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Amebakiza mwaka mmoja.

Kwa hiyo Koki anapotoa pendekezo lake, na amelitoa kwa kila mwenye masikio, moto wake unaanzia ndani ya nyumba yake. Anataka bomba lishuke. Banio la nne lifungwe, maji yaachiwe yatembee kwenye kijito chake mpaka sanduku la tatu, yakikusanya vijichemchemi vya pembeni ambavyo vimeanza kufa lakini havijafa. Banio likiwa la tatu, kanuni ni ile ile ya wazee: juu yake jembe hakuna. Msitu wa juu unabaki na amani, na ubavu ulio chini yake unapata nafasi ya kuota tena.

Ila kabichi za shemeji ziko juu ya sanduku la tatu. Na vitunguu pia.

"Aliponiambia mara ya kwanza nilimnyima chakula," anasema mkewe bila kutabasamu. "Nikamwambia, kale mabomba yako."

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni mtu mwenye sauti nzuri na ofisi yenye feni. Alimpokea mwandishi kwa soda. Kuhusu vigingi, alisema hana habari. Alipoambiwa kwamba rangi yake inafanana sana na rangi ya mlango wa ofisi yake, alijibu kuwa rangi nyekundu inauzwa duka lolote. Kuhusu Koki alicheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Ni fundi mzuri, namheshimu. Lakini wananchi wanataka maji, hawataki historia. Bomba likishuka, nchi nzima itatucheka. Maendeleo yanarudi nyuma?"

Huyo ndiye aliyekuwa na kamba ya kugawa mashamba nyuma ya banio la pili, la tatu na la nne. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye huita kazi hiyo kuwasaidia vijana.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye darasa lile lililoangukiwa na ukuta, upande mmoja wazi, upepo ukipeperusha karatasi za mwenyekiti. Watu walijaa mpaka nje. Koki alisimama, akaeleza. Si msemaji. Alirudia maneno, akasahau alipoanzia, akapandwa na hasira, akawaita wote mazuzu pamoja na yeye mwenyewe. Vijana walipiga miluzi.

Mwenyekiti alimwacha amalize. Kisha akauliza swali moja tu, taratibu, akiwatazama watu na si Koki. "Na shemeji yako, fundi, utamhamisha wewe?"

Darasa liliangua kicheko. Shemeji alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono kifuani. Kila mtu pale anajua shemeji ni nani kwa mtu. Ndiye aliyesimama upande wa bibi harusi, ndiye anayeitwa kukiharibika nyumbani. Mtu anaweza kugombana na serikali nzima akalala salama, lakini na shemeji, nyumba haikaliki.

Ndipo mkewe aliposimama nyuma kabisa, karibu na dirisha.

"Shamba la kwanza juu ya lile sanduku ni langu," alisema. "Mnalijua. Vitunguu nimevuna wiki hii, na sikupanda tena. Sirudi. Binti yangu atamaliza chuo kwa njia nyingine, nitajua mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kaka yangu akitaka kunisusa, anisuse. Lakini kila siku nimesimama kwenye foleni na wake zenu, na wake zenu wanamtukana mume wangu kwa sababu ya maji yanayomwagiliwa kabichi ya kaka yangu. Nimechoka kucheka."

Hakuna aliyepiga mluzi tena. Yule mama wa kwenye foleni, mwenye mtoto mgongoni, akasema kwa sauti, "Kweli kabisa," na akina mama waliokuwa nje wakaanza kuingia ndani. Shemeji aliinuka, akapita katikati yao bila kumtazama dada yake, akaenda zake.

Mkutano ulibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Hawakukubaliana bomba lishuke. Hawakukubaliana lipande. Walichokubaliana ni kwamba mabomba mapya yabaki uwanjani msimu mmoja wa mvua, na katika msimu huo Koki aruhusiwe kulifufua banio la tatu. Likishindwa, la tano litajengwa na yeye ndiye atakayelijenga. Wakulima watatu walinyoosha mikono kwamba wataondoka kwa hiari. Wengine wanasubiri kuona.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kuwashukuru wananchi kwa ukomavu wao. Mtu anayetaka kujua ukomavu wake yeye, apande mlimani. Vigingi vimerudi.

Siku iliyofuata Koki yuko ndani ya sanduku la tatu, suruali ameikunja mpaka magotini, anatoa tope kwa karai. Hana msaidizi. Upande wa kushoto shamba la mkewe liko tupu, na magugu yameshaanza kuchungulia, na yeye anayatazama magugu hayo kwa furaha ambayo mkulima yeyote angeiona ni wazimu. Upande wa kulia pampu inanguruma. Shemeji yuko palepale, kwenye kabichi zake, na hajamsalimia tangu mkutano.

"Nimempa nusu ya kiwanja changu cha nyumbani," anasema Koki. "Kina udongo mzuri, kiko karibu na barabara. Nimetuma mtu akamwambie, maana mimi hataki kunisikia. Hajajibu. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia hapa ni halali."

Na msimu ukipita bila maji ya kutosha? Anamwaga karai, anafikiri.

"Watapanda. Lakini bomba hilo wataninyang'anya spana kwanza. Mimi silibebi."

Anachokitaka ni kikubwa kuliko sanduku la tatu. Anataka, kabla nguvu hazijamwishia, alishushe banio mpaka la pili, mikaratusi ing'olewe pale kwenye chemchemi, mianzi irudi. La kwanza, lile la mikuyu na mbega, anajua hatalifikia. Hilo amewaachia watakaomfuata, kama yupo atakayekubali kazi isiyo na posho.

Pampu inazimika ghafla upande wa pili. Koki anainua kichwa, anasikiliza. Labda mafuta yameisha. Hakuna anayekuja. Anarudi kwenye tope lake.

"Watoto wangu nimeshawaambia jambo moja," anasema, akichota. "Nikifa wasije wakanipandisha huku, eti baba alikuwa mtu wa mlima. Wanizike kule chini, karibu na barabara. Huku juu jembe lisifike. Hata la kunichimbia mimi."